Nani Amenyonya Petroli Yako?

Nina ugomvi na watu wanaopenda magari ya kale, na nauleta hadharani kwa sababu mimi ni mmoja wao. Ugomvi wenyewe unahusu kitu kinachoenea kiganjani: chujio la mafuta. Ni kikopo cha plastiki chenye mdomo huku na mdomo huku, na ndani yake karatasi iliyokunjwakunjwa. Kwenye Datsun 240Z, gari la spoti lililotoka Japani mwishoni mwa 1969 na ambalo wengi wetu tunalipigia magoti, kikopo hicho kiko ubavuni mwa injini, upande wa kulia, mahali ambapo hata mtoto wa darasa la tano akifunguliwa boneti atakiona. Kukibadilisha ni kazi ya nusu saa. Changu nilikinunua Kirinyaga Road kwa shilingi 350. Mwaka huohuo nilikuwa nimelipa 140,000 za kupiga rangi.

Swali langu kwenu, wenzangu: mara ya mwisho chujio la gari lako lilipobadilishwa, petroli ilitokaje kwenye tangi mpaka ikafika kwenye pampu?

Hujui. Nami sikujua, ingawa nilikuwa nimesimama palepale.

Gari ni la mjomba. Alilinunua zamani kutoka kwa mtu aliyekuwa anahama nchi, akaliendesha mpaka magoti yakamkataa, kisha akanipa ufunguo na sharti moja, kwamba nisiliuze. Nililipeleka gereji kwa sababu lilikuwa linakohoa likipanda mlima: mwendo mzuri kwenye tambarare, halafu ukikanyaga mafuta kwenye kilima linalegea kama mtu aliyeitwa ghafla na jambo jingine. Fundi alifungua boneti, akakiangalia kile kikopo, akacheka. Kilikuwa na rangi ya chai ya rangi. "Dada, hili gari linakunywa kutu," akasema.

Alikibadilisha upesi, mkono wa mtu aliyefanya kazi hiyo mara elfu. Lakini gari lilikataa kuwaka. Betri yangu ilikuwa dhaifu, starta ikazunguka mara tatu nne kisha ikaanza kulalamika. Fundi akamwita kijana anayejifunza kazi, mvulana wa miaka kumi na tisa hivi, akamwambia: "Vuta kidogo."

Kijana akachomoa mpira upande wa tangi, akauweka mdomoni, akavuta.

Mimi wakati huo nilikuwa nimetoa simu napiga picha. Mwanga wa saa kumi ulikuwa unapiga kwenye boneti ya rangi mpya, na nilitaka ile picha. Ninayo mpaka leo. Kwenye kona yake ya chini kulia unaonekana mgongo wa shati la bluu, umeinama.

Petroli ilikuja kwa kishindo kuliko alivyotarajia. Akaitema, akakohoa, akaendelea kukohoa. Wenzake walicheka, kwa sababu kila mmoja wao yalishampata. Mtu akasema apewe maziwa. Nikajisikia mwema sana kutuma mtu dukani alete pakiti mbili. Gari likawaka, nikalipa, nikaondoka. Siku mbili baadaye nilirudi kuchukua kofia niliyosahau, nikaambiwa kijana amelazwa, anapumua kwa shida, kifua kinamuuma.

Nieleze hapa jambo ambalo nilipaswa kulijua, kwa sababu nimesoma mpaka chuo kikuu na nilikuwa na intaneti mfukoni. Hatari kubwa ya petroli iliyomezwa haiko tumboni, iko kwenye mapafu. Ni majimaji mepesi mno. Yakipita njia ya hewa mtu anapopaliwa, hata kiasi kidogo hutandaa haraka na kuunguza mapafu kwa ndani, na dalili mbaya zinaweza kuja baada ya saa kadhaa. Yule aliyekohoa baada ya kunyonya ndiye wa kupelekwa hospitali. Kumtapisha ni kosa, kwa sababu petroli inapanda tena na kupita palepale mlangoni pa mapafu. Na maziwa hayafanyi lolote kwa petroli. Pakiti zangu mbili zilikuwa dawa ya dhamiri yangu.

Kijana alipona. Jina lake nalijua, ameniomba nisiliandike. Hakurudi gereji. Siku hizi anasaidia kwenye duka la vifaa vya umeme na anasema harufu ya kituo cha mafuta bado inamfanya avuke barabara.

Sasa nirudi kwenye ile kutu, maana hapo ndipo ugomvi wangu unapoanza hasa. Kutu haikutoka kwa fundi wala kwa muuza mafuta. Ilitoka kwangu. Tangi la gari lile ni la bati, linachukua kama lita 60, na kwa miezi mingi nilikuwa naliacha limesimama likiwa na robo tangi. Robo tangi ya petroli maana yake ni robo tatu ya hewa. Usiku baridi inaingia, unyevu wa hewa ile unaganda kwenye kuta za bati, matone yanateremka na kukaa chini ya petroli kwa sababu maji ni mazito zaidi. Asubuhi jua linapiga, usiku unarudi. Baada ya mwaka mmoja wa mapenzi ya namna hiyo, tangi linaoza kutoka ndani huku nje linang'aa. Siku nitakayoliwasha kwenda kwenye maonyesho, pampu inavuta unga ule wote na kuuleta kwenye chujio.

Chujio lililojaa kutu, kwa hiyo, ni ushahidi wa jinsi gari lilivyoishi. Gari linaloendeshwa kila wiki na kujazwa mafuta mara kwa mara halina muda wa kuoza tumboni. Ni sisi wa "usiliguse", sisi wa kulifunika kwa shuka la pamba na kulitoa mara mbili kwa mwaka, ndio tunaotengeneza hiyo kutu. Na kutu tukishaitengeneza, tunampelekea mtu mwingine ainyonye.

Najua mtakavyojibu, kwa sababu nimejibiwa.

Jibu la kwanza ni la heshima: gari hili ni historia, na historia haichezewi na mikono isiyojua. Vizuri, tuzungumze historia. Mwaka 1971 Edgar Herrmann na Hans Schüller walishinda East African Safari kwa 240Z. Mwaka 1973 Shekhar Mehta, mzaliwa wa Uganda ambaye baadaye angefikisha ushindi wa mara tano, aliushinda mchuano huo pamoja na Lofty Drews, tena kwa 240Z, baada ya kulingana alama na Harry Källström aliyekuwa kwenye Datsun ya aina nyingine. Hilo ndilo gari tunalodai kuliheshimu. Lilipata jina lake kwenye matope na vumbi letu, likifunguliwa na kufungwa kando ya barabara na watu wenye haraka na mikono michafu. Ile ya 1971 Nissan wanaihifadhi Japani, na ni haki yao, kwa sababu ipo moja tu. Ya kwako na ya kwangu hazikushinda kitu. Ziliuzwa dukani kwa watu wa kawaida wakaenda nazo kazini, na chujio lake tangu siku ya kwanza lilikuwa kitu cha kutupwa na kuwekwa jingine. Hakuna chujio la asili la kulinda. Anayekataa kukibadilisha kikopo kwa jina la uasilia analinda takataka.

(Kuna mmoja aliyeniambia kwamba amelilaza chujio la zamani kwenye kabati la kioo, pamoja na vikombe vya harusi. Sikuwa na la kumjibu.)

Jibu la pili halisemwi kwa sauti lakini ndilo lenye nguvu kuliko yote: sisi si watu wa kazi hiyo. Tulisoma ili tusiwe watu wa kazi hiyo. Shangazi yangu aliponikuta nimelala chini ya gari kwenye mkeka alisimama kimya muda mrefu, kisha akauliza kama nimefukuzwa kazi. Kwetu mikono yenye grisi ni ushahidi kwamba mtu hakufika mbali. Tunaweza kutaja ujazo wa injini, sentimita za ujazo 2,393, silinda sita za mstari mmoja, kabureta mbili. Tunaweza kubishana usiku kucha kuhusu rangi gani ilikuwa ya kiwandani. Lakini tukiulizwa mafuta yanapita wapi, tunamtazama fundi.

Mafuta yanapita hivi. Yanatoka kwenye tangi nyuma, yanakuja mbele kwa bomba la chuma, yanapita kwenye mpira wa milimita 8 na kuingia kwenye chujio, yanavutwa na pampu iliyobanwa upande wa kulia wa kichwa cha injini, kisha yanazunguka mbele ya injini na kwenda kushoto kwenye kabureta mbili. Chini kabisa ya kabureta hizo, upande uleule wa kushoto, ndiko moshi wa moto unakotokea. Waliobuni injini ile waliweka njia ya kuingilia na njia ya kutokea ubavu mmoja, na bati jembamba la kukinga joto katikati. Mpira wa mafuta uliochakaa huko juu ukidondosha, unadondoshea jikoni. Miezi sita kabla ya yale ya kijana, mpira wangu ulikuwa na nyufa ambazo ungeweza kuingiza ukucha, na mimi nilikuwa naulizia bei ya kioo cha pembeni cha kromu.

Ndiyo maana sikubali kauli kwamba chujio ni jambo dogo. Pale ndipo mtu anapolazimika kugusa mipira yote, na akiigusa ataijua.

Jibu la tatu ndilo linaloniumiza, na sitajifanya nimelimaliza. Fundi mwenyewe alinipa. Nilimrudia nikiwa na hasira, nikamwambia kazi ile nitaifanya mwenyewe kuanzia sasa. Akafuta mikono polepole. "Sawa dada. Na wewe ukifanya, na yule mwenzako mwenye Alfa akifanya, mimi nitakula nini? Mtaniletea yale yaliyoshindikana, mseme mimi ni mwizi nikitaja bei." Alikuwa sahihi. Kazi ndogondogo ndizo zinazolipa kodi ya gereji. Matajiri wa kipato cha kati wakianza kujitengenezea, fundi anabaki na magari yaliyokufa na wateja wenye hasira.

Lakini angalia tulichokuwa tunamlipia. Shilingi 500 za ufundi, pamoja na kipande cha pafu la mtu ambacho hakikuandikwa kwenye risiti. Bei ile ilikuwa rahisi kwa sababu mdomo wa mwanafunzi ni bure, na pampu ya mkono ya kuvutia mafuta si bure. Aliponyonya, hakuniibia mtu muda. Aliniokolea bei ya betri mpya niliyokuwa nimeikwepa. Kwa hiyo nikamwambia fundi: kazi ya kabureta ni yako, kuzisawazisha hizo mbili zivute sawasawa ni sikio ambalo mimi sina, nami nitalipa bei unayotaja bila kupunguza. Kupima nafasi za valvu ni yako. Na hii pampu ya mkono hapa, nimeileta, ikae gereji. Aliipokea. Hakunishukuru, na sikuona sababu ya yeye kunishukuru.

Sasa sikiliza jinsi kazi yenyewe ilivyo, uone aibu kidogo kama nilivyoiona.

Unaliacha gari lipoe, saa kadhaa, nje kwenye hewa, kamwe si ndani ya karakana iliyofungwa, kwa kuwa mvuke wa petroli ni mzito kuliko hewa na hutambaa sakafuni ukitafuta cheche. Hakuna sigara, hakuna jiko la jirani. Kizimamoto kiwe karibu, cha unga, na uwe umesoma namna ya kukifungua kabla, si wakati unapokihitaji. Unatoa waya wa hasi wa betri. Unafungua kifuniko cha tangi ili msukumo uliobaki utoke. Unaweka kopo la bati chini ya chujio na matambara kulizunguka.

Halafu unafungua vibano. Hapa ndipo gari la kale linapokutazama. Mpira wa miaka mingi umeshikamana na bomba kama ngozi, na ukiuvuta kwa nguvu unaweza kupinda bomba la chuma au kupasua mdomo wa pampu, na hapo ndipo kazi ya 350 inapogeuka ya 35,000. Usivute. Chukua kisu, pasua mpira kwa urefu, uchane kama ganda la muwa, kisha uutupe. Mpira haurudishwi. Kuweka chujio jipya kwenye mpira wa zamani ni kumvalisha mgonjwa shati safi. Nunua mita moja ya mpira ulioandikwa kwamba ni wa petroli, si wa maji wala wa upepo, hata kama muuzaji ataapa kwamba ni uleule.

Chujio jipya lina mshale. Mshale unaelekea pampu. Nimeona magari mawili ambayo mshale ulitazama tangi, na yote mawili yalikuwa na stika ya klabu kwenye kioo cha nyuma. Vibano vipya, vile vinavyobana mviringo mzima, kwa sababu vile vyenye meno yaliyotobolewa hukata mpira taratibu. Kaza mpaka mpira ukatae kuzunguka kwa vidole, kisha acha.

Na sasa lile suala la petroli kufika kwenye pampu. Pampu ile inasukumwa na kamshafti, kwa hiyo injini isipozunguka haivuti, na bomba likiwa tupu inahitaji mizunguko mingi. Ndipo mafundi wanapotafuta mdomo wa mtu. Dawa zipo tatu na zote ni za kawaida: betri iliyojaa, uzungushe starta kwa sekunde kumi, upumzike dakika moja, urudie; au ujaze chujio petroli kabla ya kulifunga; au pampu ya mkono. Mimi hutumia ya kwanza na ya pili. Mara ya kwanza nilihesabu mizunguko kwa sauti kama mtoto anayejifunza namba. Katika raundi ya nne kikopo kilianza kujaa, petroli safi ikipanda kwenye plastiki, na nikapiga kelele iliyowatoa majirani nje.

Likiwaka, usikimbilie simu. Chukua tochi ukague kila kiungo, kisha subiri dakika kumi injini ipate joto, ukague tena. Kiungo kikavu kwenye baridi kinaweza kulowa kwenye joto.

Chujio lina mipaka yake na sitaki mtu aondoke hapa akidhani nimempa hirizi. Linazuia kutu, mchanga na uchafu. Mafuta ya taa yaliyochanganywa kwenye petroli yanapita kama mgeni mwenye kadi. Serikali ya Kenya ilipoweka tozo ya shilingi 18 kwa lita ya mafuta ya taa mwaka 2018 ili kukomesha uchanganyaji huo, ilikuwa inafanya kazi ambayo hakuna karatasi ya chujio ingeiweza. Wala chujio haliponyi tangi. Langu lilipobadilika rangi tena baada ya wiki tatu, nililishusha tangi lote, likasafishwa na kupakwa dawa ndani, na nililipa fundi kwa hilo, tena pesa nzuri. Tangu hapo naliendesha gari kila Jumapili, mvua na jua, na tangi hukaa limejaa. Rangi ya 140,000 imeshapata mikwaruzo miwili. Mjomba aliiona akasema afadhali, sasa linafanana na gari.

Niliandika haya kwa ufupi kwenye kundi letu la wenye magari ya kale. Watu arobaini na mmoja wakasoma. Mmoja akaniuliza rangi niliyopiga inaitwaje. Mwingine, mzee ninayemheshimu, akaandika kwamba enzi zao kila mtu alinyonya petroli na hakuna aliyekufa. Shikamoo, mzee. Waliokufa hawamo kwenye kundi.

Kwa hiyo nasema tena, bila adabu ya kundi. Kama una gari la aina hii na hujawahi kubadilisha chujio lake kwa mkono wako, usiniambie unalipenda. Unapenda kuonekana karibu nalo. Na kama mgongo, macho au muda haukuruhusu, basi nenda ukasimame gereji, simu mfukoni, uangalie kazi kutoka kibano cha kwanza hadi cha mwisho. Mtu akiinua mpira kuelekea mdomoni, mzuie, kisha umlipie betri fundi wako.

Jumamosi ya kwanza ya kila mwezi niko uani kwangu kuanzia saa tatu asubuhi, na kizimamoto kipo. Wiki iliyopita walikuja wawili, mmoja akiwa na suruali nyeupe. Njoo na chujio lako, mita moja ya mpira, vibano vinne na matambara yako mwenyewe, kwa sababu yangu yameisha.